Louis yupi aliyetia sahihi?

Mtu akinionyesha karatasi yenye neno "Louis" chini yake, akaniapia kwamba ni mkono wa Louis wa 14 wa Ufaransa, namuuliza: Louis yupi? Mfalme, au Toussaint Rose?

Rose alikuwa karani wa mfalme, na kazi yake iliitwa kushika kalamu. Aliandika barua kwa mwandiko wa bwana wake na sahihi akamtilia. Haikuwa hila, kwani mfalme mwenyewe ndiye aliyempa kazi hiyo. Saint-Simon, aliyeishi katika ikulu ile, aliandika kwamba haiwezekani kuutofautisha mwandiko wa Rose na wa mfalme. Basi leo mtu anamwaga fedha mnadani, anatundika fremu sebuleni, na kila jioni anamwamkia karani.

Uingereza nako ni yale yale. Kuanzia 1545, Henry wa 8, mgonjwa na mchovu, aliachia watu wake muhuri mkavu. Uligandamizwa kwenye hati ukaacha alama isiyo na rangi, kisha karani William Clerc akaifuatisha kwa wino. Hata wosia wa mfalme huyo, wa Desemba 1546, ulitiwa sahihi hivyo.

Mimi sina hati hata moja. Mfuko wangu unaishia kwenye picha ambazo maktaba huweka mtandaoni. Lakini ningekuwa nazo fedha, ningemtafuta Philip wa 2 wa Hispania. Sahihi yake haina hata jina: "Yo el Rey", yaani Mimi Mfalme. Alitawala kwa karatasi kuanzia 1556 hadi 1598, akijaza maoni pambizoni kwa mwandiko kama kuku amechakura. Wakusanyaji wanaopenda uadimu watakimbilia Jane Grey, aliyekuwa malkia wa Uingereza siku tisa tu mwezi Julai 1553. Wawahi! Mimi nipeni pambizo za Philip. Pale ndipo mfalme alipofikiri kalamu ikiwa mkononi.

Kinachonichoma roho ni mkasi. Karne ya 19 kulikuwa na mtindo wa kukata sahihi na kuzibandika kwenye albamu, kama stempu. Barua ikatupwa, jina likabaki. Vipande hivyo vinauzwa hadi leo, na wanunuzi hawakosekani.

Nikiviona namkumbuka Mary Stuart, malkia wa Scotland. Tarehe 8 Februari 1587, saa nane za usiku, alimwandikia shemeji yake, Henri wa 3 wa Ufaransa. Asubuhi ile ile alikatwa kichwa. Hakuwa na haja ya bahasha: barua za namna hii zilifungwa kwa kukata ukanda mwembamba kwenye karatasi yenyewe, kuupenyeza katika tundu na kuuzungusha, ili atakayefungua bila ruhusa lazima achane. Barua ile sasa iko katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, nayo ni nzima. Ndiyo maana tunajua kwamba, saa chache kabla ya shoka, mwanamke yule alikuwa anamwomba shemeji yake awalipe watumishi wake mishahara yao.

Mwenye albamu angebandika jina, mishahara ikaenda jalalani.