Mei Mosi ya watu, sufuria la kwangu

Jamani nyie mnaolalamika Mei Mosi ya Bongo siku hizi ni fulana na kofia tu, njooni Madrid muone vituko. Hawa Wahispania kwa sikukuu hawajambo, kwa mwaka zinafika 14, mbili kati ya hizo kila mji unajichagulia wenyewe, na bado haziwatoshi, sikukuu ikiangukia Alhamisi basi na Ijumaa inamezwa humohumo, wenyewe wanaita puente, yaani daraja, we piga simu ofisi yoyote italia mpaka ichoke. 2025 ndo walikula vizuri: Mei Mosi Alhamisi, kesho yake Mei 2 sikukuu ya mkoa wa Madrid, ya kukumbuka 1808 walivyowainukia askari wa Napoleon, halafu Jumamosi, halafu Jumapili. Siku nne mfululizo! Jirani yangu kapakia watoto, mbwa na mwamvuli, huyoo Valencia baharini. Mimi mtoto wa Tanga bahari naisikia kwenye harufu tu, niko jikoni mgahawani nasugua bonge la sufuria lililochemshiwa pweza.

Maana sikukuu za huku zote mwisho wake mezani. Asubuhi wameandamana na vyama vyao vya wafanyakazi, bendera nyekundu, filimbi, mwaka ule wanadai wiki ya kazi ishuke toka saa 40 mpaka 37 na nusu, na mi nawaunga mkono kabisa sina ugomvi, ila maandamano yakiisha wote wanahamia kwetu. Bendera wameziegemeza ukutani karibu na choo, wanaita bia, zeituni, mkate, bia tena, na wakishiba hawaondoki, stori za baada ya chakula kwao ni kama ibada, saa kumi na moja jioni bado wanajadili unyonyaji na mimi nimesimama na ufagio nasubiri wainue miguu. Mmoja akaniona, akanikunjia ngumi hewani, "compañero!", yaani mwenzangu! Nikamkunjia na mimi, mkono una glavu ya kuoshea vyombo, povu linachuruzika mpaka kiwikoni. Akafurahi, akaagiza kahawa ya meza nzima.

Na huo muswada wa saa 37 na nusu bunge likaupiga chini Septemba.

Enzi za Franco, yule dikteta wao, Mei Mosi waliipiga marufuku wakaweka Julai 18, tarehe ya uasi wa wanajeshi wa upande wake wa 1936, ikaitwa sikukuu ya kuitukuza kazi. Kuitukuza kazi! Angekutana na bosi wangu wangeelewana sana hao.

Wiki mbili baadae, Mei 15, San Isidro, mtakatifu wa Madrid, tena huyu alikuwa kibarua wa shamba kabisa, ndo msimamizi wa wakulima. Hadithi yake inanimaliza. Wenzake walimchongea kwa tajiri kwamba jamaa badala ya kulima anasali, tajiri kaenda kuchungulia kakuta malaika ndo wameshika plau, ng'ombe wanakwenda, shamba linalimika, kibarua kapiga magoti zake. Watu wanavaa nguo za kizamani, wanabandika mikarafuu kichwani, wanaenda kunywa maji ya kisima chake na kununua vidonati. Sasa mimi nikichelewa dakika tano tu, kwanza simu, pili makelele, tatu masufuria nayakuta palepale yananiangalia. Malaika wa steelwaya bado hawajaajiriwa.

Mtaniambia sheria ipo. Ipo ndio, ukifanya kazi sikukuu ulipwe zaidi au upewe siku nyingine upumzike, nami nilipewa: Jumanne moja ya Februari, mvua, baridi, mji mzima uko kazini, sasa hapo nipumzike na nani, nikakaa ndani namsikiliza fundi wa ghorofa ya juu anatoboa ukuta.

Desemba ndo usiseme kabisa. Tarehe 6 sikukuu ya katiba, tarehe 8 Bikira Maria, 2023 zikaangukia Jumatano na Ijumaa, nchi nzima ikaunganisha mpaka Jumapili. Nikajikaza nikamfuata bosi kwa adabu zote, nikamwambia nafahamu 6 tumejaa, 8 tumejaa, basi nipe hata hiyo 7 ya katikati. Akavua miwani, akaangalia kalenda ya ukutani, akaniangalia mimi.

"Tarehe 7 si sikukuu, hombre."