Chupa zinaisha na mwenye nyumba hajui

Juzi mvua ya jioni ilitufungia kwa nyumba hapa Migosi, Kisumu, mimi na binamu yangu, yule wa kukimbiza muvi mbele akichoka, nikamwekea Notorious ya director Alfred Hitchcock ya 1946. Dakika kumi hazijaisha akaniuliza, "Sasa hawa watapigana saa ngapi?"

Hawapigani bana. Watu wengi wanadhani muvi ya kukutoa jasho lazima iwe na giza, radi na mtu kuruka kutoka nyuma ya mlango muziki ukipiga mayowe. Huko ni kushtuliwa tu, hata paka wa jirani hunishtua. Hitchcock anakuambia siri mapema halafu anakuacha uteseke nayo.

Cheki hapa: mwigizaji Ingrid Bergman ametoa ufunguo wa stoo ya divai kwa funguo za bwanake, kuna pati nyumbani, kamera inaanza juu kabisa ya ukumbi inaona wageni wote halafu inashuka polepoleee mpaka kwa kiganja chake, ufunguo ndio huo. Yeye na mwigizaji mwenzake Cary Grant ni wapelelezi kwa hii muvi, wanataka kupekua stoo. Shida ni shampeni. Chupa zinazidi kupungua kwa barafu, na zikiisha mzee atataka kushuka kuchukua zingine, akitafuta ufunguo haupo. Ni kama soda kwa harusi ya ushago, kila mgeni akiitisha nyingine unataka kumzaba kofi.

Hapo hakuna bunduki, ni vinywaji tu. Kwa Suspicion ya 1941 ni glasi ya maziwa, Cary Grant huyo huyo anampelekea bibi yake juu usiku na bibi anashuku ni sumu, na ndani ya glasi Hitchcock alificha taa ndio maziwa yang'ae. Halafu hizo ngazi zake! Kwa Psycho ya 1960 pia mpelelezi anapanda ngazi na wewe unamwomba arudi. Mimi naishi floor ya nne na balbu ya ngazi iliungua tangu Krismasi, nisiseme mengi.

Chenye hunikera ni vile wanawake wake huteswa mno, Bergman mwenyewe anatiliwa sumu kwa kahawa siku baada ya siku.

Lakini turudi kwa pati. Binamu alikuwa kwa simu, chupa zikaonyeshwa tena, nikaona simu imelazwa kifudifudi kwa meza.

"Zimebaki ngapi?"

Nikamwambia anyamaze.