Mama, Usiliguse Hilo Yai!

Chanzo cha aibu yangu ni ubishi. Binti yangu aliniambia kwamba James Tiptree, mtunzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, alikuwa mwanamke, nami nikamwapia kwamba jina ni la mwanamume na mkono ulioandika ni wa mwanamume, kama walivyoamini wasomaji wengi wa Marekani kwa karibu miaka 10, hadi ilipofichuka katika miaka ya 1970 kwamba jina halisi la mwandishi huyo lilikuwa Alice Sheldon. Nilishindwa, nikahukumiwa kusikiliza hadithi fupi za kisayansi zilizotungwa na wanawake, moja kila jioni kwa mwezi mzima. Binti alizipakua katika simu yangu, kisha akaninunulia visikizi vya mpira ambavyo ukishavitia masikioni, hata honi ya matatu hukufikia kama mluzi wa mtu aliye ng'ambo ya mto.

Jambo ambalo hakuniambia ni kwamba mtu aliyeziba masikio hajui sauti yake mwenyewe imepaa kiasi gani.

Jioni moja nilikuwa Muthurwa, jijini Nairobi, nimeketi ndani ya matatu ya kwenda mtaa wa Umoja iliyokuwa ikisubiri kujaa, na zamu ilikuwa ya hadithi ya Octavia Butler iitwayo "Bloodchild", iliyochapishwa mwaka 1984. Humo binadamu wanaishi katika sayari ya wenyewe, viumbe wakubwa wenye miguu mingi kama jongoo, ambao huyataga mayai yao ndani ya miili ya watu, hasa wanaume. Mwandishi mwenyewe aliiita hadithi yake ya mwanamume mjamzito. Inaanza kwa upole wa kutia shaka: kiumbe ameleta nyumbani mayai yasiyoangua, ambayo hunywewa, hurefusha umri na hulevya kidogo. Watoto wanakunywa. Mama yao anakataa. Kiumbe anamshurutisha.

Ukiwa unasoma, hapo ungeinua macho kidogo upumue. Sauti haikupi nafasi hiyo. Iliniingia moja kwa moja hadi tumboni, nami nikafumba macho na, kwa mujibu wa mashahidi, nikapaza sauti iliyosikika hadi kwa wauza viatu vya mtumba:

"Mama, usiliguse hilo yai! Hujui aliyelitaga!"

Nilipofumbua macho, mama aliyeketi mbele yangu alikuwa amegeuka, ameshika yai la kuchemsha alilolinunua dirishani wakati huo huo, limepasuliwa katikati na kujazwa kachumbari, chumvi ikiwa bado haijayeyuka juu yake, na alama ya meno yake imebaki kwenye kiini. Nyuma yangu kijana mmoja alitema lake nje ya dirisha, likatua begani mwa makanga. Mwanafunzi aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeaga dunia, itakuwaje kwa yeye aliyekwisha kula mawili. Mchuuzi, ndoo yake mkononi, aliapa kwa jina la mama yake kwamba mayai ni ya kuku.

Nilitoa visikizi na kufanya kosa la pili, ambalo ni kueleza.

"Sikumaanisha mama huyu," nilisema. "Nilimaanisha mama mwingine, wa sayari nyingine."

Mama wa mbele aliuvuta mkoba wake na kuukumbatia.

"Mzee, umekunywa?" makanga aliuliza, akijipangusa kiini begani.

Nilijibu upesi kwamba waliokunywa ni watoto, na kwamba yai lenyewe ndilo linalolevya. Nadhani hapo ndipo jirani yangu alipohamia kiti cha nyuma. Ilibidi niisimulie hadithi yote niliyokuwa nimeisikia, tangu jongoo hadi wanaume wanaobebeshwa mayai, na nilipofika hapo wanawake watatu walicheka hadi mmoja akaangusha sukumawiki yake, ilhali wanaume walitazama nje kana kwamba Muthurwa pameota mlima.

"Aliyeitunga ni mwanamke," alisema mama wa mbele. Hakuwa anauliza.

Nilikiri kwamba ndivyo, na sikuona haja ya kumweleza ilivyoniuma kwamba yeye alitambua kwa dakika tano jambo lililonigharimu mwezi.

Mchuuzi alidai fidia ya mayai manne, mawili ya mwanafunzi yakiwamo, ingawa hayo yalikuwa yameliwa kwa amani kabla sijafungua kinywa. Nilipokuwa nikihesabu sarafu, mama alinigusa goti.

"Baba, na yule mama, mwishowe alilinywa?"

Nilirudisha kisikizi kimoja, nikasikiliza kidogo, abiria wote wakiwa kimya.

"Amelinywa. Amelikamua hadi tone la mwisho."

Alimgeukia mchuuzi. "Nimenyie lingine, na pilipili uongeze. Baba huyu ndiye anayelipa."