Sikumpima Mama Mkwe (Haya, Nilimpima)

Kabla hamjaamini ile voisi iliyozunguka kwenye kundi la familia, eti nimempima mama mkwe kama mzigo: mama mkwe hakupandishwa kwenye mzani wa malori. Alishushwa.

Tulikuwa California, barabara ya I-5, kituo cha malori chini ya mlima wa Grapevine, na trela la kupigia kambi nyuma ya pikapu yangu. Wiki nzima nilikuwa natamba: "Chuma hiki kinavuta paundi 9,500!" Trela na mizigo yake 7,200, na mwisho wake wa kiwandani haufiki 10,000, kwa hiyo hata leseni ya kawaida ya daraja C inatosha. Nilichoruka ni kibandiko cha mlango wa dereva: watu na mizigo visizidi paundi 1,540. Na uzito wa trela unaoegemea ndoana ya pikapu nao huhesabiwa humo, jamani. Kwa trela la namna hii ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, langu 900. Zimebaki 640. Tuko watano, na nyuma kuna jenereta, makaa na gunia la sembe. (Ndiyo, sembe. Mlitaka tule nini?)

Nikaingia mzani wa malori nijue ukweli. Kitufe cha kumwita keshia kimewekwa kwa kimo cha dereva wa lori. Mkono haukufika. Nikabonyeza kwa mwiko wa ugali.

Karatasi ikatoka: ekseli ya mbele 2,760, ya nyuma 4,600 na mwisho wake 4,100, trela 6,300. Pikapu yenyewe 7,360. Mwisho wake kiwandani 7,000.

Hapo shetani akanipa wazo. "Mama, naomba ushuke kidogo unyooshe miguu." Nikazunguka, nikapanda mzani tena, mwiko tena. 7,180.

Narudi namkuta amesimama kivulini, mkono ameunyoosha. Nikampa karatasi zote mbili, mjinga mimi. Akafungua mkoba. Akatoa miwani. Akaifuta kwa ncha ya kanga, jicho moja, kisha la pili. Akaziweka karatasi sambamba juu ya boneti, kidole kikashuka taratibu mpaka kwenye jumla ya uzito wote.

"Baba Amani."

"Naam, mama."

"Hii mia na themanini iliyopungua ni ya nini?"

Mke wangu ghafla akaipenda milima.

"Ni... maji, mama."

"Maji gani?"

Nikakimbilia bomba la tangi la trela, galoni 40 za maji safi zilizokaa puani kabisa mwa trela, paundi 330 na ushee, nikayamwaga ili angalau niwe nimesema kweli. Jenereta na makaa nikavihamishia ndani ya trela, juu ya ekseli zake. Ukivirundika nyuma kabisa ndoana inakuwa nyepesi na trela linaanza kuyumba. Nikapima mara ya tatu: chini ya 7,000.

Mama alishahamia gari la rafiki yangu, ndiyo maana voisi iliwafikia kabla sijaumaliza mlima. Karatasi anazo yeye.