Mgonjwa wa Kiharusi Mwacheni Amege Tonge Mwenyewe

Watu wa Kigoma tunajua kuuguza. Mtu akilazwa, kabla daktari hajamaliza kumpima, nje pameshajaa ndugu kutoka Ujiji, Gungu na Mwandiga, na wengine wameshuka Kibirizi na mitumbwi ya injini wakitokea vijiji vya mwambao. Uji uko kwenye chupa, khanga zimeletwa, na yupo wa kulala sakafuni pembeni ya kitanda. Mimi niliuguzwa hivyo na sitausahau wema ule. Lakini wema huohuo, ukiendelea vilevile baada ya mgonjwa wa kiharusi kurudi nyumbani, unamlemaza. Nasema hivi nikijua kuwa wapo watakaoumia kusikia.

Changu kilinikuta mchana, sina homa wala siumwi popote. Kikombe kilinitoka mkononi, mdomo ukaenda upande, nikamwambia mke wangu neno ambalo hakulielewa. Uso kupinda, mkono kuishiwa nguvu, maneno kukorogeka: hata kimoja kikija ghafla, tafuteni gari hapohapo. Msimpe mgonjwa kitu mdomoni, hata maji, maana koo linaweza kuwa halimezi sawasawa na kinachoingia kikaenda kwenye mapafu. Msimpe aspirini pia, kwa kuwa hakuna anayejua kwa macho kama mshipa wa kichwani umeziba au umepasuka. Kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, ndicho kinachoonyesha. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze, tena panapokuwepo kipimo na dawa yenyewe. Kwa anayekuja kwa mtumbwi, saa hizo zinaweza kwisha akiwa bado ziwani. Inaniuma zaidi zinapoishia kwenye uganga, kwa sababu mdomo ukipinda wengi wetu wanaona jini. Dua ni haki ya mgonjwa. Isomwe ndani ya bajaji, njiani kwenda hospitali.

Sasa nije kwenye yaliyofuata, maana ndiko tunakopotezea watu wengi bila kujua. Nilipotoka hospitali nyumba nzima ilinibeba. Shemeji yangu alininyanyua kwenda msalani, binti yangu akanilisha. Kila nilipotaka kujaribu jambo nilisikia, "Baba, tulia, tutafanya." Mkono wangu wa kulia ukawa unakaa mapajani kutwa nzima. Aliyetuamsha ni dada wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo. Alimweleza mke wangu, mbele yangu, kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa haioti tena, ila sehemu za jirani zinaweza kujifunza kazi yake, na hazijifunzi mpaka zitumwe. Zitumwe mara nyingi, kila siku. Mkono usiotumwa, ubongo unazoea kuishi bila huo. Ipo hata tiba ya kuufunga mkono usiougua, kwa mgonjwa ambaye vidole vyake vimeanza kucheza kidogo, ili ule dhaifu ukose pa kukimbilia. Na miezi ya mwanzo, hasa mitatu ya kwanza, ndiyo yenye mavuno makubwa kuliko yote, ingawa mtu anaweza kuendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka. Miezi hiyohiyo ndiyo sisi tunamwambia mgonjwa apumzike!

Kwetu jambo hili lina ugumu wake, na ugumu wenyewe uko kwenye sinia. Ukipigwa upande wa kulia, utakulaje? Ugali wa muhogo unamegwa na kufinyangwa kwa mkono wa kulia, na tangu utoto tumefundishwa kuwa wa kushoto hauendi kwenye chakula cha watu. Nimeona wazee wenye heshima zao wakikubali kulishwa kama watoto wachanga kuliko kuonekana wanatumia kushoto, au kuonekana tonge linawaanguka mbele ya wakwe. Nawaelewa kabisa. Aibu ile inauma kuliko mguu. Lakini dini inampa ruhusa mwenye udhuru, na adabu tuliyolelewa nayo haikuwekwa ili imzuie mtu kupona.

Nyumbani kwangu tulifanya hivi. Nilitengewa sahani yangu, nikala na mke wangu peke yetu, mkeka umetandikwa nailoni. Samaki wetu, mgebuka, mke wangu ndiye aliyemtoa miiba. Tonge nililimega mimi, kwa mkono wa kulia. Likianguka, linaanguka. Chakula kilipoa, watoto walimaliza chao wakaondoka, mimi bado nafinyanga. Mke wangu alikuwa anakaa ameshika mikono yake mwenyewe, na najua kuwa kwake hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kunilisha. Alivumilia. Leo nakula sinia moja na wageni.

Sisemi mgonjwa atelekezwe. Koo lipimwe kwanza kabla hajaachiwa kujilisha. Akianza kusimama, mtu awe karibu naye, asianguke. Na tafadhali, msimnyanyue kwa kumvuta mkono uliolegea, kwani bega linachomoka kwa urahisi na maumivu yake yanakaa muda mrefu.

Aliyenisaidia kuliko wote baada ya mke wangu ni mzee mmoja jirani, mcheza bao. Alikuja na ubao wake, akaupanga, akaniambia, "Bwana, hapa unacheza kwa kulia, au huchezi." Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezo wote ni kuokota, kugawa moja moja na kuokota tena, kazi ya kidole gumba na cha shahada. Alasiri moja ya bao ilinitoa jasho kuliko zoezi lolote. Kete zilimwagika, aliningoja niziokote mwenyewe. Ndugu wanaojaa hospitalini wiki ya kwanza, natamani wagawane miezi inayofuata: leo fulani aje saa ya kutembea, kesho mwingine saa ya bao. Fiziotherapia ya hospitali ni ya siku chache na nauli ni pesa. Vidole vinatakiwa vifanye kazi kila siku.

Huwa namfikiria Louis Pasteur, yule mwanasayansi Mfaransa. Alipigwa na kiharusi mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 45, na upande wa kushoto haukurudi wote. Chanjo ya kichaa cha mbwa aliitoa mwaka 1885. Wangemweka kitandani wamlishe tu, wakiamini wanamhurumia, sijui nani angeifanya kazi ile.

Dawa za presha mgonjwa asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri, kwani kiharusi hurudi: katika kila viharusi vinne, kimoja hivi ni cha mtu aliyewahi kupigwa. Na akiwa kimya, anakasirika, analia ovyo, msiseme anadeka. Karibu theluthi moja ya tuliopigwa tunaingia kwenye sonona, huzuni nzito isiyoisha, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Mwambieni daktari.

Huzuni hiyo tunaiongeza wenyewe kwa namna tunavyoongea. Wageni wanakuja, wananipa pole, kisha wanamgeukia mke wangu: "Shemeji, anaendeleaje? Anakula?" Nami nimekaa hapohapo, nasikia. Maneno yangu yanatoka polepole, mengine yanagoma, na mtu mwema ananimalizia sentensi ili nisitaabike. Asinimalizie. Ulimi nao unapona kwa kutumwa. Niulizeni mimi, na mkiwa na nafasi, kaeni mpaka nijibu.