Mshtarii ya pikseli 21

Jana nimetumiwa tena tangazo lile lile. Darubini janja, ile inayopiga picha za anga yenyewe na kuzileta kwenye simu, nyeupe, nzuri kama pambo la sebuleni, na pembeni yake Zohali imejaa picha nzima, pete zimenyooka mpaka pengo la Cassini, ule mstari mweusi kati ya pete, unalihesabu. Chini wameandika kwa herufi nene: 4K! Zuumu mara 200!

Jamani, tuheshimiane.

Tupige hesabu. Seestar S50, darubini janja ambayo wengi wenu mnayo, ina lenzi ya kipenyo cha milimita 50 na fokasi (umbali kutoka lenzi hadi taswira inapojikusanya) ya milimita 250. Pikseli za sensa yake, yaani chipu inayonasa picha, IMX462 ya Sony, zina upana wa maikromita 2.9. Kwa hiyo kila pikseli inabeba sekunde za tao 2.4 hivi za anga (sekunde ya tao ni nyuzi moja ukiigawa mara 3,600). Mshtarii, hata ikitusogelea vipi, huishia kama sekunde za tao 50 kwa upana. Gawanya. Pikseli 21! Alama ya betri kwenye simu yako ina nyingi kuliko hizo. Hata eVscope 2, darubini janja nyingine kubwa zaidi, yenye kipenyo cha milimita 114 na fokasi ya 450, haifikishi 40. Na hiyo zuumu ya kwenye programu ni kuvuta mpira: unarefuka, hauongezeki.

Ndiyo maana nasema, anayekuuzia darubini bila kukutajia kipenyo na fokasi anakuuzia boksi. Megapikseli zije baadaye. Hita ya kuzuia umande, hiyo sawa, usinunue isiyo nayo.

Yangu ni ya milimita 50 vilevile, na aibu yake nimeionja. Nilimwita mpwa wangu aje aone Mshtarii. Akaitazama simu, akanitazama mimi.

“Mjomba, hii si taa?”

Sikumjibu. Nikaigeuza darubini kwenye nebula ya Orion, lile wingu la gesi angani. Sekunde 10, sekunde 10 nyingine, programu inarundika picha moja juu ya nyingine, chengachenga zinapungua. Dakika ya tatu mbawa nyekundu zikaanza kutanuka kutoka katikati. Mtoto akaichukua simu mkononi mwangu, akakaa nayo chini. Akauliza kama kile kitu huwa kipo pale juu siku zote, hata tusipokiona. Nikamwambia kipo. Sikuwa na la kuongeza.

Basi, nakubali, ingawa kwa shingo upande: kwa nebula na galaksi vyombo hivi vinafanya maajabu. (Galaksi ya Andromeda haienei, fremu ni nyuzi 0.7 kwa 1.3 na yenyewe ina kama 3. Utaishona vipande vipande.) Sasa kama maajabu yapo, kwa nini wasitangaze hayo? Kwa nini lazima Zohali?

Nimemwandikia muuzaji, kwa adabu zote, nikimuuliza fokasi yake ni milimita ngapi. Amejibu asubuhi hii:

“Zuumu mara 200, kaka.”