Kufuli la wimbo na kadi ya memori

Katika vibanda vya Ngamiani, Tanga, kujaza nyimbo kwenye kadi ya memori ni kazi ya dakika chache, na msanii ambaye sauti yake imo ndani ya kadi hiyo hapati hata senti. Malalamiko yake ni ya haki, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iliyoanzisha COSOTA, taasisi ya Tanzania ya kusimamia hakimiliki, iko upande wake. Wanaotaka kila wimbo uuzwe ukiwa na kufuli la kidijitali, usiweze kuhamishwa ovyo kutoka kifaa hadi kifaa, huanzia hapo. Kwa bahati mbaya huishia hapo hapo, na anayelipinga kufuli huhesabiwa kuwa mtetezi wa wizi.

Kicheza muziki cha mfukoni cha Rio PMP300 cha mwaka 1998 kilikuwa na nafasi ya megabaiti 32, yaani muziki wa MP3 wa takriban nusu saa. Kadi ya gigabaiti 32, ndogo kuliko ukucha, hubeba mara elfu moja ya hiyo: zaidi ya saa 500, wiki tatu za usiku na mchana bila wimbo kurudiwa. Wapenda kufuli huisoma hesabu hii kama kipimo cha wizi. Mimi huiona pia kama kipimo cha hasara, kwa kuwa kadi hufa ghafla, na wiki tatu zote huenda nayo ikiwa mwenyewe alizuiwa kuweka nakala pengine.

Kufuli lenyewe nalo hutegemea uhai wa aliyelifunga. Mwaka 2008 Microsoft ilitangaza kuzima mitambo iliyotoa vibali vya kufungulia nyimbo zilizouzwa na duka lake la MSN Music, na ni baada ya wateja kulalamika ndipo ikasogeza mbele tarehe. Mitambo ikizimwa, mnunuzi akibadilisha kompyuta, nyimbo alizozilipia zinakuwa bubu. Aliyeziiba haguswi, maana zake hazikuwa na kufuli tangu mwanzo. Apple iliziondolea nyimbo za duka lake kufuli mwaka 2009, na ikaendelea kuziuza. (Kwa nyimbo za kukodi kwa mwezi sina ugomvi, mpangaji anajua nyumba si yake.)

Nyumbani tulikuwa na kanda ya taarabu ya kikundi cha Lucky Star iliyoanza kuota ukungu. Ilihamishiwa kwenye CD, kisha kwenye flashi, na sasa imo kwenye simu yangu. Lingekuwapo kufuli, safari hiyo ingekomea kwenye ukungu.